Msaada Uliobisha Hodi

Historia tunayoisoma darasani mara nyingi ni historia ya wafalme, vita, mikataba na merikebu. Hayo ni mambo makubwa, na kijana asiyeyajua amepungukiwa. Lakini iko historia nyingine, msomaji, ambayo haikutendeka katika majumba ya wafalme wala katika viwanja vya vita. Ilitendeka katika vyumba vya kupanga, katika vibanda vya mabati, kando ya vitanda vya wazazi na mikeka ya watoto. Ni historia ya watu walioziacha ofisi na hospitali wakaenda kubisha hodi kwa maskini, ili kumsaidia mama na mtoto pale pale walipo. Nataka tuisome pamoja, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa mtoto juzi tu, na kwa sababu muda si mrefu huenda ukawa mzazi, au muuguzi, au mwalimu, na mlango utakuwa mbele yako.

Kwanza tukumbuke maana ya hodi. Kwetu sisi mtu haingii nyumba ya mwenziwe kama aingiavyo sokoni. Husimama nje akaita. Asipojibiwa huita tena, na mara ya tatu, kisha hurudi zake bila kinyongo. Desturi hii ndogo ina jambo kubwa ndani yake. Yasema kwamba nyumba, hata ikiwa ya udongo, ina mwenyewe. Liweke neno hilo moyoni, maana katika historia hii maswali mawili yatarudi mara kwa mara. La kwanza: ni nani mwenye haki ya kuingia nyumbani kwa mtu na kumfundisha malezi? La pili: akiisha kuingia, je, kuingia kwake kunafaa kitu?

Tuanze katika mji wa Liverpool, bandari kubwa ya Uingereza, mwaka 1859. Aliishi humo mfanyabiashara tajiri, jina lake William Rathbone. Mwaka huo mke wake aliugua akafariki. Katika ugonjwa wake aliuguzwa nyumbani na muuguzi aitwaye Mary Robinson, na Rathbone aliona jinsi mkono wa mtu mwenye ujuzi ulivyompunguzia mgonjwa mateso. Baada ya msiba akajiuliza: ikiwa nyumba yangu mimi, yenye kila kitu, ilimhitaji hivyo muuguzi, itakuwaje nyumba ya maskini? Akamwomba Mary Robinson, kwa mshahara, aende muda wa miezi mitatu awauguze maskini majumbani mwao, na awafundishe jamaa zao namna ya kuwatunza.

Haukupita muda mrefu Mary akarudi analia. Alisema kwamba taabu aliyoiona imemshinda, na akaomba aachiliwe. Rathbone akamsihi avumilie mpaka muda wake utimie. Akavumilia, na miezi mitatu ilipokwisha, yeye mwenyewe hakutaka tena kuiacha kazi ile. Ndipo Rathbone akatafuta wauguzi wengine wa namna hiyo, asiwapate, kwa kuwa hawakuwapo. Alimwendea kwa barua Florence Nightingale, naye akamshauri awafundishe watu wake mwenyewe. Shule ya uuguzi ikajengwa Liverpool, na kufikia mwisho wa mwaka 1865 mji ule ulikuwa umegawanywa sehemu 18, kila sehemu na uuguzi wake wa nyumbani.

Yafaa tujiulize kwa nini Mary Robinson alilia. Hakuwa mgeni wa magonjwa. Kazi yake ilikuwa magonjwa. Nadhani alilia kwa sababu alikuwa ameingia ndani. Anayesimama hospitalini humwona mgonjwa. Anayeingia nyumbani humwona mgonjwa pamoja na unyevu wa ukuta, chungu kisicho na kitu, na watoto wanne wanaolala kando ya mgonjwa kwa sababu hakuna mahali pengine. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata nyumba mbaya haijulikani kwa mlango.

Huko Liverpool kazi ilikuwa ya kuuguza. Katika miji jirani ya Manchester na Salford, mwaka 1862, ilianza kazi ya kufundisha. Mabibi wa tabaka la juu waliunda chama cha usafi, wakachapa vikaratasi vya mafundisho na kuvigawa kwa wananchi. Wakaona kwamba vikaratasi havitoshi. Karatasi haimshiki mtoto mchanga, wala haijibu swali la mama. Basi wakaajiri wanawake wa tabaka la wafanyakazi, waliokuwa wakiishi maisha yale yale, wazunguke mlango kwa mlango, waonyeshe jinsi ya kumwogesha mtoto, kumlisha, na kuingiza hewa safi chumbani. Hivi ndivyo ilivyoanza kazi ambayo Uingereza inayo mpaka leo, ya wageni wa afya wanaowazuru wazazi wenye watoto wachanga.

Tazama chaguo lile, msomaji. Mabibi wale wangaliweza kwenda wao wenyewe tu, na nguo zao za hariri. Walichagua kumtuma mtu ambaye mwenye nyumba angemwona kuwa mwenziwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na anayekijua kitanda hahitaji kuambiwa kunguni wako wapi. Baadaye, mwaka 1892, Florence Nightingale, ambaye wakati huo alikuwa mzee, alihimiza katika wilaya ya Buckinghamshire mafunzo maalumu kwa wanawake wa kazi hiyo. Shauri lake lilikuwa hili: mgeni wa afya asiwe mkaguzi. Aende kama rafiki, afundishe kwa kutenda, na aingie kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Hilo ndilo neno letu la hodi, limesemwa na mwanamke wa Kiingereza ambaye hakulijua neno lenyewe.

Lakini serikali nazo zilikuwa na sababu zao. Mwaka 1900, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Uingereza na Wales, zaidi ya 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Watawala walikuwa wameizoea hesabu hiyo. Kilichowashtua hasa ni Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, vya mwaka 1899 mpaka 1902. Vijana wengi waliojitolea kuwa askari walikataliwa na madaktari kwa udhaifu wa miili yao. Dola iliyokuwa ikitawala karibu robo ya dunia iligundua kwamba haikuweza kuwalisha na kuwakuza watoto wa mitaa yake yenyewe. Tusifiche jambo hili: mara nyingi wakubwa huanza kumwangalia mtoto wa maskini wanapomhitaji akiwa mtu mzima.

Hata hivyo wako waliomwangalia kwa ajili yake mwenyewe. Katika mji wa viwanda wa Huddersfield, Benjamin Broadbent alipokuwa meya mwaka 1904, alitoa ahadi ya ajabu. Kila mtoto atakayezaliwa katika mtaa wa Longwood katika muda wa mwaka mmoja atapewa pauni moja siku atakapotimiza mwaka. Kila mama alipewa cheti cha ahadi hiyo pamoja na mashauri ya malezi, na wanawake waliojitolea wakawa wakizuru nyumba hizo. Pauni moja siku zile ilikuwa fedha ya kuhesabiwa kwa mfanyakazi wa kiwanda. Lakini Broadbent alijua kwamba fedha peke yake haitamwokoa mtoto; cheti kile kilikuwa njia ya kusema, mbele ya mji mzima, kwamba uhai wa mtoto huyu una thamani na utahesabiwa. Mwaka 1906 mji huo ukapata sheria ya kuamuru kila uzazi uarifiwe kwa wakuu wa afya upesi, katika muda wa saa 48, ili mgeni afike mapema. Mwaka 1907 sheria ya namna hiyo ikapatikana kwa nchi nzima, na mwaka 1915 ikawa lazima kila mahali.

Ng'ambo ya bahari, katika jiji la New York, kijana muuguzi Lillian Wald alikuwa akifundisha akina mama wahamiaji somo la uuguzi wa nyumbani mwaka 1893. Siku moja mtoto mdogo alikuja darasani kumwita aende kumtazama mama yake mgonjwa. Alimfuata mtoto yule kwa miguu katika mitaa ya matope mpaka chumbani, akamkuta mama ametoka uzazi karibuni, yu kitandani penye damu, hana wa kumhudumia. Wald alimsafisha, akamtengenezea kitanda, akawatuliza watoto. Kisha akafanya uamuzi: akahamia kukaa katika mtaa ule ule wa maskini, na kutoka humo akaanzisha uuguzi wa kuzuru nyumba ulioenea Marekani. Katika kisa hiki mgeni hakujipeleka. Aliitwa na mtoto.

Mpaka hapa tumejibu kwa visa. Tumeona watu wema, na tumeona watoto waliopona. Lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kuridhika na wema peke yake. Lile swali la pili bado limesimama: je, kuingia kwa mgeni kunafaa kitu, na faida yake hudumu? Mtoto anaweza kufurahi leo na kesho akasahau. Ili kujibu swali hilo inabidi kungoja miaka mingi, na watu wenye subira hiyo ni wachache. Miongoni mwao alikuwa David Olds wa Marekani. Katika miaka ya 1970 alikuwa amefanya kazi na watoto wadogo katika nyumba ya kulelea, akaona kwamba wengine wamekwisha kuumizwa na maisha kabla ya kufika kwake. Mwaka 1977 alianza utafiti katika mji wa Elmira, jimbo la New York, kwa wanawake 400 wajawazito. Baadhi yao walizuriwa na wauguzi tangu mimba mpaka mtoto alipotimiza miaka miwili. Miaka 15 baadaye ilionekana kwamba habari za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa chache zaidi katika nyumba zilizozuriwa.

Sasa twende Jamaika, kwa kuwa huko ndiko kilikotendeka kisa ninachotaka ukikumbuke kuliko vyote.

Jamaika ni kisiwa cha Bahari ya Karibi, na watu wake wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Katika jiji la Kingston kuna mitaa ya maskini inayofanana sana na mitaa unayoijua. Daktari Sally Grantham-McGregor, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha West Indies, alikuwa amewaona kwa miaka mingi watoto wenye utapiamlo. Hospitali iliwapa chakula, miili ikapona. Lakini watoto walibaki nyuma kwa maneno na kwa akili. Ilikuwa kana kwamba njaa ilikula kitu kingine ambacho uji haukuweza kukirudisha.

Mwaka 1986 yeye na wenzake walizunguka mitaa ile wakawapata watoto 129 wenye umri wa miezi 9 mpaka 24, waliokuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kama watu wapigavyo kura, katika makundi manne. Kundi la kwanza walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila juma. Kundi la pili hawakupewa maziwa, bali mhudumu wa afya wa mtaani alikuja nyumbani mara moja kila juma, akakaa saa moja kucheza na mtoto pamoja na mama yake. Kundi la tatu walipata yote mawili. Kundi la nne hawakupata maziwa wala michezo, ila walizuriwa ili hali ya afya yao ijulikane. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka miwili.

Huenda ukasema: kucheza? Watu wana njaa, nanyi mwawapelekea michezo? Swali hilo ni la haki, nami nitalirudia. Lakini kwanza tazama ilivyokuwa. Mhudumu hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke wa kawaida aliyepewa mafunzo. Alibeba mfuko wenye vitu vilivyotengenezwa kwa takataka: chupa tupu za plastiki, vifuniko, vibao vya kupanga, mwanasesere wa kitambaa, kitabu cha picha kilichochorwa kwa mkono. Aliketi chini pamoja na mama. Alionyesha mchezo mmoja, kisha akampisha mama aucheze yeye. Alimsifu mama mbele ya mtoto na mtoto mbele ya mama. Walitaja majina ya vitu: kikombe, jicho, mti. Alipoondoka aliacha vile vitu hapo nyumbani mpaka juma lijalo, alipokuja kubadilisha. Shabaha yake haikuwa kumfundisha mtoto saa moja. Shabaha yake ilikuwa mama awe na la kufanya katika saa zote zilizobaki.

Piga hesabu. Saa moja kila juma kwa miaka miwili ni saa 104 hivi. Ukizikusanya hazitimizi siku tano za usiku na mchana. Je, siku tano zinaweza kuzibadili siku zote za maisha ya mtu?

Baada ya miaka miwili, watoto waliopewa maziwa walikuwa wameendelea kuliko wale wasiopewa kitu. Na waliochezewa pia walikuwa wameendelea. Waliopata yote mawili waliendelea kuliko wote, wakawakaribia watoto wasiodumaa wa mitaa ile ile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991. Kama watafiti wangaliishia hapo, wangalisema kwamba maziwa na mchezo ni ndugu wawili walio sawa. Lakini hawakuishia hapo. Waliendelea kuwatafuta watoto wale walipokuwa shuleni, walipobaleghe, na walipokuwa watu wazima. Ndipo jambo la ajabu likaonekana. Faida ya maziwa katika akili ilififia kadiri miaka ilivyopita. Faida ya mchezo ilibaki.

Walipotimiza miaka 22, watafiti waliwapata 105 kati ya wale 129, wengine wakiwa wamekwisha kuhama nchi. Waliokuwa wamechezewa walikuwa na elimu zaidi, walikuwa hawajihusishi sana na mapigano, na mapato yao yalizidi kwa asilimia 25 mapato ya wenzao ambao hawakuzuriwa kwa michezo. Walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa utotoni. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2014, na mmoja wa walioiandika alikuwa James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000. Wataalamu wa fedha waliokuwa wakiyaona malezi kuwa mambo ya jikoni walianza kuyasoma kwa makini.

Sasa nalirudia swali lako. Je, kisa hiki chasema kwamba maziwa hayafai? La, hasha. Mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza, maana njaa ni dhuluma hata kama isingepunguza mshahara wa mtu kwa senti moja. Tena, watoto 129 ni wachache, nao ni wa mji mmoja. Kisa hiki chasema jambo moja tu, lakini ni jambo zito: mtoto haishi kwa uji peke yake. Anapotazamwa, anapoitwa kwa jina, anapojibiwa, analishwa kitu kingine ambacho hakiuzwi dukani. Na mama maskini aweza kukitoa, ikiwa amepata mtu wa kumtia moyo na nafasi ya kupumua.

Ukweli mwingine lazima usemwe, ingawa si mtamu. Mafanikio ya Kingston yaliwatia nchi nyingine hamu ya kuiga. Huko Kolombia mpango kama ule ulijaribiwa katika manispaa 96, kwa watoto wapatao 1,400, kupitia wanawake wa mahali hapo hapo. Baada ya miezi 18 watoto walionekana kuendelea vizuri. Lakini walipopimwa tena miaka miwili baada ya mpango kwisha, faida haikuonekana tena. Kwa nini mbegu moja ilistawi Jamaika, nyingine ikanyauka Kolombia? Yaweza kuwa watoto wa Kingston walikuwa wamedumaa, na hivyo msaada uliwakuta penye haja kubwa zaidi. Yaweza kuwa kundi dogo lilisimamiwa kwa karibu zaidi kuliko kundi kubwa. Yaweza kuwa miezi 18 ni michache. Mwanafunzi mwaminifu hachukui kisa kimoja chema akakifanya sheria ya dunia. Hukishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hukishika kile kinachokipinga.

Pamoja na hayo, dunia imebadili mawazo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa malezi unaotaja mambo matano ambayo kila mtoto anayahitaji tangu mwanzo: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, mlezi anayemwitikia, na nafasi ya kujifunza mapema. Kati ya hayo matano, mawili ya mwisho hayaletwi na lori. Huletwa na mtu aliyeketi.

Na kwetu Kenya je? Wewe mwenyewe huenda umewahi kumwona mtu akipita kijijini au mtaani mwenu na mkoba, akiingia nyumba moja na kutoka nyingine. Huyo ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa vifaa wahamasishaji zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, kila mmoja akikusudiwa kuhudumia nyumba zipatazo 100. Si wageni kutoka mbali. Ni watu wa mahali hapo hapo. Hupima mtoto, huuliza habari za chanjo, hummulikia mama dalili za hatari. Tangu Mary Robinson alipotoka nyumbani kwa Rathbone mpaka mkoba huo ni zaidi ya miaka 160, na kazi ni ile ile.

Naomba ruhusa sasa niseme neno langu mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mwalimu na wala si mtafiti. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa darasa la kwanza katika shule ya kijijini. Palikuwa na msichana mmoja ambaye hakusema neno kwa majuma mengi. Nilimwuliza swali, akainamisha kichwa. Nikakata shauri moyoni kwamba mtoto huyu hakusemeshwa nyumbani, na kwamba walezi wake wamezembea. Jumamosi moja nikaenda kwao, na nisikufiche, nilikwenda kushtaki. Hata hodi niliipiga kwa sauti ya mkubwa.

Nilipokewa na bibi yake, mzee aliyekuwa akimlea. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniletea uji. Nikiwa bado napanga maneno yangu, nikasikia nyuma ya nyumba sauti ya mtoto akisimulia hadithi ya sungura na fisi, kwa lugha ya mama, akiigiza sauti zote mbili, na watoto wenzake wakicheka mpaka wakaanguka. Alikuwa yule yule mwanafunzi wangu bubu. Bibi akasema kwa upole, "Huyu, mwalimu, hanipi usingizi. Kila usiku lazima nimpe hadithi, kisha anirudishie." Nikanywa uji wangu nikanyamaza. Mtoto hakukosa maneno. Alikosa maneno ya shule yangu. Aliyehitaji kufundishwa siku ile alikuwa ni mimi. Jumatatu nilimwita mbele ya darasa, nikamwomba atusimulie habari ya fisi kwa lugha aliyoijua. Tangu hapo alisema, na baada ya muda akasema na Kiswahili pia.

Ndiyo sababu nimesisitiza habari ya hodi. Mpango wa kusaidia jamaa nyumbani una hatari moja kubwa, nayo ni kudhani kwamba nyumba ya maskini ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Haikuwa hivyo Kingston, ambako mhudumu alimpisha mama acheze na mwanawe. Haikuwa hivyo kwa yule bibi. Katika nyumba nyingi zipo hadithi, nyimbo za kubembeleza, vitendawili na mikono yenye huruma. Kinachokosekana ni wakati, chakula, na mtu wa kuwaambia walezi kwamba wanayoyafanya ni kazi kubwa. Mgeni mwema huanza kwa kutazama kilichopo, kisha huongeza kisichokuwapo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji aaibike.

Basi, kijana, ukiifunga kurasa hii usiseme kwamba haya ni mambo ya madaktari wa ng'ambo. Pengine nyumbani kwenu yuko mdogo wako wa mwaka mmoja, anatambaa chini ya meza wakati wewe unasoma. Huna maziwa ya kumpa, wala shahada. Lakini una chupa tupu na vifuniko vitatu, nawe wajua jina la kila kitu kilichomo chumbani. Saa moja kwa juma ilitosha kuonekana baada ya miaka 20. Weka kitabu kando, ukae naye chini, umwite kwa jina lake.